Kibaba cha Mpagazi na Kikapu cha Mwananchi

Kila asubuhi, mjini Tabora kama ilivyo Darajani, Unguja, na Chake Chake, Pemba, mama mwenye nyumba hutoka na kikapu kwenda sokoni, na hurejea na mawazo mengi kuliko vitu alivyonunua. Wapo wanaomwambia abane matumizi. Nasaha hiyo ni njema, lakini haitoshi, kwani mtu hawezi kuweka akiba ya kile alichokwisha kupunjwa kwenye kipimo.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda hadi Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Sehemu kubwa ya utajiri wa Unguja wa zama zile ilipita juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo upatao frasila mbili. Tumezoea kuhesabu pembe za ndovu walizobeba. Leo na tuhesabu chakula chao.

Posho ya mpagazi kwa desturi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na vibaba vinne vilifanya pishi. Mara nyingi alipewa kitambaa cha merikani au shanga, akanunulie chakula vijijini. Wapagazi walijigawa katika makundi madogo, wakala chungu kimoja. Na kabla ya kuingia Mgunda Mkali, lile pori lililokuwa kati ya Ugogo na Unyanyembe, msafara ulijiwekea chakula cha siku kadhaa, kwa kuwa huko mbele chakula kilikuwa adimu.

Hapo pana mafunzo matatu: kipimo kinachojulikana, kununua kwa pamoja, na kuweka akiba kabla ya dhiki.

Tuanze na akiba. Kila nyumba ya mwenye kipato kidogo ina Mgunda Mkali wake, nao ni siku za mwisho wa mwezi. Fedha ikipungua, mtu hununua mafuta ya kupimiwa na sukari ya robo. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 3,000, na robo yake huuzwa shilingi 800. Anayenunua robo nne hulipa shilingi 3,200. Nyumba inayotumia kilo 6 kwa mwezi hupoteza shilingi 1,200, yaani 14,400 kwa mwaka, na hicho ni kitu kimoja tu. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na watu wa Tabora, wenye asali yao, wanaijua maana ya methali hiyo. Maskini halipi zaidi kwa sababu ya ujinga. Hulipa zaidi kwa sababu hana fedha ya kununua vingi kwa mara moja.

Dawa yake ni umoja. Nyumba tano za mtaa mmoja zikichanga kila wiki, zaweza kununua polo la mchele kwa bei ya jumla na kuligawana kwa mizani. Wala hatusemi watu walazimishwe. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalifungwa mahali pengi kabla maduka ya vijiji hayajawa tayari, na waliotaabika ni wananchi wale wale waliokusudiwa kusaidiwa. Sisi makada hatuna budi kulikumbuka jambo hilo bila kuona haya. Ushirika wa kweli huanza kwa majirani wanaoaminiana, nao hudumu kwa daftari lililo wazi kwa kila mwanachama.

Limebaki la kipimo, na hili ni la viongozi. Kibaba kilikuwa kipimo kilichojulikana. Kopo la leo lililobonyezwa kitako, na sado iliyopachikwa kitu ndani, si vipimo bali ni mitego. Mkulima naye hulazimishwa kujaza lumbesa, akatoa zaidi ya gunia kwa bei ya gunia. Wala ziada hiyo haimfikii mlaji wa mjini, ambaye bado hupimiwa kwa kopo. Huyu hupunjwa akiuza, yule hupunjwa akinunua. Kwa upande wa Bara tunayo Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982, na Wakala wa Vipimo tangu mwaka 2002. Sheria ipo. Kinachotakiwa ni ofisa aingie sokoni na mizani yake mara kwa mara, bila kutangaza safari, na kila soko liwe na mizani ya umma ambayo mnunuzi aweza kuhakikishia mzigo wake bila malipo.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani, ambao hutoa pishi ya zakatul fitri kila mwisho wa Ramadhani, jambo hili si geni. Tukiwa wadogo chuoni tulisoma sura ya Al-Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo. Onyo hilo humhusu mwenye duka. Lakini aliyepewa dhamana ya kusimamia mizani, kisha akafumba macho, naye pia ana sehemu yake.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kwanza kibaba chenyewe kiwe kibaba.