Koja la Asumini Nalo ni Biashara

Apitaye Ndia Kuu jioni ya kuamkia arusi hupokewa na harufu ya asumini kabla hajamwona mtu. Ndani ya nyumba akina mama wameketi mkekani, wakitunga makoja ya bibi arusi na kufunga vikuba kwa rihani na waridi. Wengi wetu twaiita kazi hiyo pambo. Mimi naiita biashara, tena ngumu kuliko tudhanivyo.

Fikirini, walimu wenzangu. Waridi la Naivasha hukatwa, likahifadhiwa kwenye baridi, likasafirishwa kwa ndege hadi Uholanzi na kuuzwa huko likiwa bado zima. Asumini haina subira hiyo. Huchumwa alasiri ikiwa tumba, hufunuka usiku, na kukicha imekwisha sinyaa. Basi mtungaji aliyezoea makoja 5 akiagizwa 20, hawezi kuanza kutunga siku mbili kabla. Tuseme koja moja lataka saa nzima: makoja 20 ni saa 20, na jioni yake haizidi saa 4. Ama apate watungaji 5, ama aaibike mbele ya watu wa arusi.

Jirani yangu mmoja aliaibika hivyo. Alipokea kazi kubwa akitegemea asumini za uani kwa watu, kumbe miasumini miwili ilikuwa imekatwa kupisha ujenzi. Alirudisha fedha zote, hata za makoja aliyokwisha kuyatunga. Ufundi hakuukosa, alikosa maua, na hesabu ya mapema.

Kule Madurai, kusini mwa India, asumini hulimwa mashambani, na mwaka 2013 jina la asumini ya huko lilisajiliwa kuwa mali ya eneo hilo. Sisi twategemea uani kwa jirani, na mikono ya wasichana wasiolipwa kwa kuwa ati "wanasaidia tu". Huo ni ujira uliofichwa, na bei isiyouhesabu ni bei ya uongo.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Basi shule za Mvita na zipande asumini penye nafasi, na hesabu ya koja ifanywe ubaoni: maua, uzi, saa, na ujira wa kila mtungaji. Nanyi wanafunzi, mkiitwa kutunga, nendeni. Lakini ulizeni malipo. Kuuliza si utovu wa adabu.