Aibu isituchagulie makao ya wazee wetu

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Wakenya waliotimu umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 2.7. Hiyo ni habari njema, maana taifa ambalo watu wake huishi hadi kuzeeka ni taifa lililopiga hatua. Hata hivyo, kila neema huja na deni lake. Miongoni mwa madeni ya umri mrefu ni maradhi ya kusahau, ambayo matabibu huyaita dimenshia. Maradhi haya yanaziweka familia nyingi mbele ya swali ambalo babu zetu hawakuulizwa: je, ni haki kumpeleka mzazi katika makao ya kutunzia wazee? Na ikiwa ni haki, makao hayo yachaguliwe vipi?

Ni bora kwanza tuelewane kuhusu maradhi yenyewe. Kusahau mahali ulipoweka miwani si dimenshia. Dimenshia ni kudhoofika kwa uwezo wa kukumbuka na kufikiri kutokana na maradhi ya ubongo, na yanayoongoza ni yale yaliyoelezwa na tabibu Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906. Aghalabu mgonjwa huanza kwa kurudia swali lile lile, kisha hupotea katika njia aliyoipita maisha yake yote, na hatimaye huweza kuwasahau hata wale aliowazaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi na hali hii, na kwamba zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za mapato ya chini na ya wastani. Anayedai kuwa haya ni maradhi ya Wazungu hajui asemalo. Dawa ya kuyaponya haijapatikana, na ndiyo sababu utunzaji una uzito mkubwa.

Ujinga kuhusu maradhi haya unaweza kuua. Mnamo Oktoba 2021, akina mama wazee wanne waliuawa Marani, katika kaunti ya Kisii, kwa kushukiwa kuwa wachawi. Simaanishi kwamba marehemu hao waliugua dimenshia. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo shutuma za aina hiyo hupata masikio, mzee anayetangatanga usiku, anayezungumza peke yake, au anayekutwa mlangoni pa jirani bila kujua alifikaje, yumo hatarini kuliko wote.

Sasa turejee kwenye swali la makao. Wapo wanaoshikilia kwamba kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya wazee ni kumtupa, na kwamba Mwafrika halisi humtunza mzee wake nyumbani. Hoja hiyo ina heshima yake na haifai kubezwa. Lakini tujiulize: nyumbani humo yumo nani? Wana wamehamia mijini kutafuta riziki. Wengine wamo Marekani na Uingereza, ambako, kwa kinaya cha ajabu, baadhi yao wameajiriwa kuwaosha na kuwalisha wazee wa watu wengine. Anayebaki na mgonjwa ni binti mmoja aliyeacha kazi, au mkaza mwana ambaye hakuulizwa maoni yake, au mtumishi wa nyumbani asiyeelezwa lolote kuhusu maradhi hayo. Pengine ni mtoto wa shule. Mwalimu anayemwona mwanafunzi akisinzia darasani kila asubuhi asikimbilie kumkemea. Yamkini mtoto huyo alikesha akimzuia nyanya yake asitoke nje gizani.

Kwa hivyo, kipimo cha upendo si paa ambalo mzee analala chini yake. Kipimo ni iwapo yupo mtu aliye macho anapoamka saa nane za usiku akiwa na hofu. Yako makazi ya familia yanayotimiza hilo, na yako ambayo hayawezi kabisa.

Hasara kubwa ya aibu ni kwamba hutuchelewesha. Mficha uchi hazai. Familia huficha hali ya mzee kwa miaka, hadi siku anapopotea usiku kucha au kuacha jiko likiwaka na kuteketeza nyumba. Hapo ndugu hukutana kwa hamaki na kumkimbiza kwenye makao ya kwanza yenye nafasi, bila kuuliza neno. Laiti wangelikaa pamoja mapema, dalili zilipoanza, wangelimuuliza mzee mwenyewe angali na uwezo wa kujibu: angependa kuishi wapi, na nani, na asingependa kutendewa nini? Kumwamulia mtu angali na kauli ni kumzika kabla ya wakati wake.

Katika jiji la Nairobi na viunga vyake mna makao yanayoendeshwa na mashirika ya kidini na mengine ya watu binafsi. Anayechagua asidanganywe na bustani nzuri wala vigae vinavyong'aa. Kuuliza si ujinga. Aulize watunzaji ni wangapi usiku, wala si mchana tu, na wamefunzwa nini kuhusu dimenshia. Aombe ruhusa ya kuzuru bila miadi, hasa wakati wa chakula cha jioni, aone kama mzee asiyeweza kushika kijiko analishwa kwa subira au sahani huondolewa ikiwa bado imejaa. Atazame kama wazee huitwa kwa majina yao au hukemewa kama watoto watukutu.

Aidha, aulize kuhusu lugha. Mgonjwa wa dimenshia aliyezoea kuzungumza Kiingereza ofisini huweza kupoteza lugha hiyo na kubaki na ile aliyonyonya kwa mamake. Mzee aliyebakiwa na Kikamba au Kiluo pekee, akitunzwa na watu wasioelewa hata neno moja, amefungwa gerezani hata kama milango i wazi.

Aulize pia kuhusu dawa. Mnamo mwaka 2005, idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitahadharisha kwamba baadhi ya dawa za maradhi ya akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia. Makao ambamo kila mzee amelala fofofo adhuhuri yanastahili kutiliwa shaka, kwani huenda utulivu huo ni wa vidonge. Mwisho, aulize ada itakuwa kiasi gani maradhi yakizidi, na mgonjwa atapelekwa hospitali ipi akizidiwa.

Nchini Uholanzi, katika mji wa Weesp, kuna kijiji kiitwacho Hogeweyk kilichojengwa kwa ajili ya wagonjwa hawa. Huishi katika nyumba zenye watu wachache, na ndani ya kijiji mna duka na njia za kutembelea kwa usalama. Sisi hatuna fedha za kujenga kijiji kama hicho, na pengine hatukihitaji. Funzo lake ni jepesi: mgonjwa hutulia akiishi maisha yanayofanana na yale aliyoyazoea. Mzee wetu aliyekuwa mkulima apewe kijishamba cha sukuma, asiketishwe mbele ya televisheni kutwa nzima.

Mtu hujikuna ajipatapo, na ukweli ni kwamba walio wengi hawamudu ada za makao ya kibinafsi. Shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo serikali huwapa wazee waliosajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hazikaribii gharama hizo. Ilhali Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka wazee waishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wapate utunzaji wa kadiri kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Katiba haikusema familia peke yake.

Serikali ina mahali pa kuanzia. Mnamo Septemba 2023 ilizindua kikosi cha wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, ambao huzuru watu majumbani. Na wafunzwe kutambua dalili za dimenshia, kuielimisha familia na kumkinga mzee dhidi ya shutuma za uchawi. Kaunti nazo zifungue vituo vya kushindia mchana, ili binti anayemtunza mamake apate kwenda kazini na mjukuu apate kwenda shuleni. Na kama vile mzazi anavyoweza kuuliza iwapo shule imesajiliwa na imekaguliwa, ndivyo familia inavyostahili kusoma ripoti ya ukaguzi wa makao kabla ya kumkabidhi mzee wao.

Si dhambi kuomba msaada wa kumtunza mzazi. Dhambi ni kumwacha aharibikiwe nyumbani ili majirani wasiseme, au kumpeleka mahali ambapo hatukupachunguza, kisha tusirudi kumjulia hali.