Msomi Anayeketi Mbele ya Boneti

Ripoti yangu ya mafunzo ya kazi ilirudishwa ikiwa na mstari mwekundu uliokata kurasa nne nzima. Pembeni mhadhiri aliandika: "Huyu si chanzo cha kitaaluma. Ondoa." Aliyeitwa si chanzo ni mzee mmoja msoma nyayo, aliyenifundisha kwa wiki kumi na mbili mambo ambayo sikuyapata darasani kwa miaka miwili. Ndugu wanafunzi wenzangu, na ninyi walimu wetu ninaowaheshimu, kwa mstari huo nina ugomvi nanyi, na nitausema wazi.

Nilipelekwa kufanya mafunzo katika loji moja ya Afrika Kusini, kwenye pori la watu binafsi linalopakana na Hifadhi ya Taifa ya Kruger, kuanzia Juni hadi Agosti. Miezi hiyo kule ni kipupwe. Sisi tuliozaliwa Uganda, karibu na ikweta, tunadhani tukifika Kabale tumeijua baridi. Kule mvua huwa imekwisha kukatika, nyasi zimekauka na kulala chini, miti mingi imepukutisha majani, na madimbwi yanakauka moja baada ya jingine. Wanyama husogea kwenye maji yaliyobaki, na jicho hupenya vichakani hadi mbali. Mbu hupungua. Mbwamwitu, ambao kwa kawaida huhamahama bila kutulia, hukaa mahali pamoja kwa sababu wana watoto shimoni. Ndiyo maana wageni kutoka Ulaya na Marekani huacha kiangazi chao nyumbani na kwenda kutetemeka kule.

Kazi yetu ilianza saa kumi na nusu alfajiri. Tuliwasha majiko, tukatengeneza kahawa, tukapanga biskuti ngumu kwenye sahani. Saa kumi na mbili magari yasiyo na paa yaliondoka. Kila mgeni alipewa blanketi zito na chupa ya mpira yenye maji ya moto ya kuweka mapajani. Mimi ndiye niliyejaza chupa hizo. Kwa gari la watu kumi na mmoja nilijaza chupa tisa, kwa kuwa wageni walikuwa tisa. Waliobaki wawili ni mwongozaji, ambaye ndiye dereva na ameketi nyuma ya kioo, na Mzee. Jina lake sitaliandika hapa kwa sababu sikumwomba ruhusa. Kiti chake kilifungwa mbele kabisa ya boneti, nje ya gari, bila kioo wala mlango, ili aione ardhi kabla haijakanyagwa na magurudumu. Upepo wote wa alfajiri ulimpiga yeye kwanza.

Wiki ya pili kiti kimoja kilibaki wazi, nikaruhusiwa kwenda. Hatukufika mbali Mzee akainua mkono, gari likasimama. Mimi niliona mchanga tu. Alishuka, akainama, akaonyesha kwa kijiti. Ni chui jike, alisema, na amepita karibuni. Nilimuuliza amejuaje. Akanijibu hatua kwa hatua, kama mwalimu wa hesabu. Unyayo ulikuwa juu ya alama ya gurudumu la gari letu la jana usiku, basi chui alipita baada yetu. Mchanga wote ulikuwa na vitundu vidogo vya matone ya umande yaliyodondoka kutoka mitini, lakini ndani ya unyayo havikuwamo, basi alipita baada ya umande kudondoka. Hatua zake zilikuwa fupi, na pembeni palikuwa na mburuzo, basi alibeba mzigo. Chui mwenye mzigo hutafuta mti, kwani fisi hawako mbali. Kisha Mzee akanyamaza kusikiliza kware waliokuwa wakipiga kelele upande wa kijito, akanyosha kidole huko. Dakika arobaini baadaye tulimkuta chui juu ya mti wa mng'ong'o, na swala pala ananing'inia tawini.

Wageni walimpigia makofi mwongozaji. Naye, kwa Kiingereza kizuri, akawaeleza chui ana uzito gani na hubeba mimba kwa siku ngapi. Simchukii; alikuwa kijana mwema na kazi yake aliijua. Tuliporudi aliandika katika daftari la loji: chui jike, saa, mahali, na jina la mwongozaji aliyemwona. Daftari lile halikuwa na safu ya jina la msoma nyayo. Kadi iliyowekwa vyumbani iliwashauri wageni wampe nusu ya bakshishi ya mwongozaji. Na wageni walimwita kwa jina fupi la Kiingereza alilopewa kazini, eti lake ni gumu. Simba wa pori lile kila mmoja alikuwa na jina, na wageni waliyashika yote kufikia siku ya tatu.

Jioni wageni walikula ndani ya ua wa miti uliozunguka moto, na ua huo kule unaitwa boma. Matembezi yao yaliitwa safari. Maneno yetu yamefika hadi huko na yanauzwa kwa bei kubwa. Sisi wafanyakazi tulikula upande wa pili wa jiko, ugali wao mweupe usiotofautiana na posho yetu, na hapo ndipo Mzee aliponifundisha majina ya wanyama kwa Kitsonga, lugha yake. Tembo ni ndlopfu. Kwa Kiswahili ndovu, kwa Kiganda enjovu. Fisi ni mhisi. Kwa Kiganda empisi. Kiboko ni mpfuvu. Kwa Kiganda mvubu. Nilicheka kwa furaha, naye akacheka. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji ushahidi mwingine kwamba yule hakuwa mgeni kwangu. Loji ilichukua neno safari kutoka kwetu kwa mikono miwili, lakini mwenye lugha ndugu ya Kiswahili, aketiye mbele ya gari lao, hakuulizwa neno lolote.

Sasa nirudi kwenye mstari mwekundu. Mhadhiri atasema, na wengi wenu mtamuunga mkono, kwamba kusoma nyayo ni kipaji cha watu wa porini, hurithiwa, hakifundishwi wala hakipimwi. Si kweli. Louis Liebenberg wa Afrika Kusini aliandika kitabu mwaka 1990 akitetea hoja kwamba ufuatiliaji wa nyayo ndio asili ya sayansi: unaona alama, unakisia, unatabiri, kisha unakwenda kuhakikisha. Mfumo wake wa CyberTracker huwapima wasoma nyayo porini na kuwapa vyeti kwa viwango, hata asiyejua kusoma wala kuandika. Mwaka 2010 ilianzishwa huko huko Tracker Academy, na mmoja wa waanzilishi wake, Renias Mhlongo, ni msoma nyayo mwenyewe. Basi elimu hii inafundishwa na inapimwa. Tatizo ni kwamba haifundishwi kwetu.

Wengine watasema: shukuruni, utalii unaleta ajira, na Mzee analipwa. Nakubali kwamba analipwa. Sidai afukuzwe mwongozaji apewe yeye usukani. Ninachouliza ni hiki: kwa nini kile anachokijua kiitwe macho makali, na kile tunachokariri kwenye vitabu kiitwe elimu? Anayeita elimu ya mwenzake kipaji amejipatia sababu ya kumlipa kidogo.

Wala tusinyooshee Afrika Kusini kidole. Hapa kwetu Bwindi mgeni kutoka nje hulipa dola 800 kwa kibali cha kukaa saa moja na sokwe wa milimani. Saa hiyo inawezekana kwa sababu wafuatiliaji wameingia msituni mapema alfajiri, wakaanzia pale sokwe walipoonekana jana, wakafuata majani yaliyovunjwa na vinyesi hadi walipolala, kisha wakaita kwa redio. Na mwaka 1991 Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa, Wabatwa, waliouishi msitu ule vizazi kwa vizazi, walitolewa. Je, katika kozi yetu ya utalii tumewahi kusoma somo moja kuhusu wanayoyajua watu hao? Tumefundishwa kukunja leso umbo la bata. Tumefundishwa kubeba trei kwa mkono wa kushoto. Nilipata alama 78 katika somo hilo, na siku nilipowekwa mbele ya mchanga wenye habari zote za usiku, sikuweza kusoma hata herufi moja.

Nadai mambo matatu, na hayahitaji jengo jipya. Kwanza, msoma nyayo aliyepimwa na kuthibitika aalikwe kufundisha, na alipwe kama mhadhiri wa muda anavyolipwa. Pili, sisi wa Kiswahili tukusanye msamiati wa porini katika lugha zetu na kuuandika wakati wazee wenye maneno hayo bado wako. Mzee wangu alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na mwanawe anauza simu mjini. Tatu, kanuni za kuandika ripoti ziruhusu mtu kama yeye atajwe kama chanzo, kwa jina lake na kwa ruhusa yake, kama anavyotajwa mwandishi wa kitabu.

Nimeambiwa kwamba nisipoondoa kurasa zile nne nitapoteza alama ishirini. Nimezipiga chapa upya kama zilivyokuwa, na jana nimempigia Mzee simu kumwomba ruhusa ya kuliandika jina lake kamili. Amesema atanijibu akitoka kazini, maana alikuwa anaelekea kwenye gari la jioni.