Kibali Kikichelewa, Mshahara wa Mwananchi Ndio Unaoshuka

Barua ya wazi kwa Baraza la Mawaziri la Jumuiya ya Afrika Mashariki

Waheshimiwa Mawaziri,

Nawaandikia kutoka Arusha, mji mnaokuja kufanyia vikao vyenu, nikiwa mtu niliyefanya kazi ya utumishi katika shule binafsi za huku kaskazini mwa Tanzania. Kazi hiyo imenipitishia mikononi vyeti vya walimu kutoka Kisii, Eldoret, Mbale na Kabale, mikataba yao na fomu zao za vibali. Nimeona pia walimu wetu wa Kiswahili wakifunga mizigo kwenda Kigali na Kampala. Hoja ninayowaletea sikuiokota kijiweni.

Hoja yenyewe ni hii. Mfanyakazi wa nchi jirani mwenye kibali, mkataba na michango ya hifadhi ya jamii hamshushii mwenyeji mshahara. Anayeushusha ni yule anayefanya kazi bila karatasi. Na wengi wa hao hawakupenda iwe hivyo. Wamefikishwa hapo na ofisi zetu wenyewe: kwa kuchelewesha maombi, kwa kutotambua vyeti, kwa masharti yanayobadilika mkataba ukiwa katikati. Kwa hiyo mwananchi anayeogopa kuporwa ajira na jirani ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai kibali cha jirani huyo kitoke haraka.

Naomba nieleze inavyokuwa. Mwalimu wa fizikia kutoka Kenya anapatikana Januari, shule zikifunguliwa. Ombi la kibali cha kazi linakwenda kwa Kamishna wa Kazi, la ukaazi linakwenda Uhamiaji, vyeti vinakwenda kuhakikiwa. Kidato cha nne hakiwezi kusubiri majibu, mtihani wa taifa una tarehe yake. Basi mwalimu anaingia darasani, na kwenye vitabu vya shule anaandikwa kuwa anajitolea.

Mwajiri mwenye nia njema hukosa usingizi kwa hali hiyo. Mwajiri mjanja huiona faida yake upesi. Mwalimu asiye na kibali halipiwi NSSF. Hajiungi na chama cha wafanyakazi. Akicheleweshewa mshahara, hawezi kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maana swali la kwanza litakalomkuta huko ni la kibali. Wakaguzi wakifika getini, yeye hutokea mlango wa nyuma. Kisha anakuja mwalimu Mtanzania mwenye shahada ile ile, anataja mshahara unaomstahili, anajibiwa kwamba yupo anayefundisha somo hilo kwa pungufu ya hapo. Akirudi nyumbani anamlaani Mkenya. Hamlaani mwajiri aliyejaza mfuko, wala ofisi iliyolikalia faili.

Hali hii si ya shule tu, na si ya Tanzania tu. Iko hotelini, gereji, saluni na kwenye maeneo ya ujenzi, na iko pande zote za mipaka yetu. Watanzania wanaofanya kazi Nairobi bila kibali nao hulipwa kwa mtindo huo huo.

Waheshimiwa, Jumuiya haikukosa maandishi. Marais walitia saini Itifaki ya Soko la Pamoja tarehe 20 Novemba 2009, ikaanza kutumika 1 Julai 2010. Ibara ya 10 inampa mfanyakazi haki ya kuomba kazi, kuingia, kukaa na kufunga mkataba katika nchi yoyote mwanachama, na inakataza ubaguzi wa uraia katika ajira, ujira na masharti ya kazi. Kanuni zake zinasema mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi, na mamlaka husika itoe uamuzi ndani ya siku 30. Zimeambatana na jedwali ambamo kila nchi iliandika yenyewe aina za kazi ilizokubali kuzifungua. Hakuna nchi iliyoshikiwa kalamu. Kila moja ilijipimia, ikaandika, ikatia saini.

Lakini chini ya maandishi hayo kila nchi imebaki na sheria zake na tafsiri zake. Kenya, Uganda na Rwanda zilikwenda mbele kidogo, zikafutiana ada za vibali vya kazi. Tanzania ilitunga Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni mwaka 2015. Inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba ametafuta mwananchi akamkosa, na aandae mpango wa mwananchi kuirithi kazi hiyo. Sina ugomvi na sharti la kurithisha ujuzi; likisimamiwa vizuri linamfaa kijana wetu. Kisha Julai 2025 ikatoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwamo saluni, utengenezaji wa simu na uwakala wa fedha kwa simu, na faini yake haipungui shilingi milioni 10. Nairobi ikalalamika. Sitaamua hapa nani alikuwa na haki. Ninachouliza ni kwa nini jambo linalogusa mamia ya familia katika nchi wanachama lijulikane kwa raia wa Jumuiya kupitia tangazo la siku moja, wakati lipo Baraza ambalo lingepaswa kulisikia kwanza.

Pengo hilo la utaratibu tumezoea kuliziba kwa urafiki wa viongozi, na matokeo tumeyaona. Chukueni mwaka 2017. Madaktari wa hospitali za umma za Kenya walikuwa wamegoma kwa siku 100 tangu Desemba 2016. Mgomo ulipokwisha, ujumbe wa Kenya ulikwenda Dar es Salaam mwezi Machi kuomba madaktari 500. Rais John Magufuli alikubali, kwa kuwa Tanzania ilikuwa na madaktari waliohitimu na hawana ajira. Tangazo likatoka, watu wakaomba. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, wakasema kwao pia wako wenzao waliohitimu wakakosa kazi, na mahakama ikasimamisha mpango. Mwezi Aprili Magufuli akaagiza waombaji 258 waliokuwa na sifa waajiriwe na serikali yake.

Kwa madaktari hao mambo yaliishia pazuri. Kwa Jumuiya ilikuwa aibu ambayo hatujaifanyia kazi. Nchi mbili zilikuwa na wagonjwa wasio na daktari na madaktari wasio na kazi kwa wakati mmoja, na mpango wa kuwahamisha ulipangwa Ikulu. Madaktari wa Kenya hawakuridhishwa kabla ya tangazo kutoka, nao wakajibu kwa njia iliyobaki. Laiti kungekuwa na utaratibu wa Jumuiya wenye mshahara ulio sawa kwa mwenyeji na mgeni, muda wa mkataba ulio wazi na nafasi ya vyama vya wafanyakazi mezani, kesi ile isingekuwa na miguu ya kusimamia.

Miaka minne baadaye, Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ziarani Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliwaambia wafanyabiashara wa Tanzania kwamba wako huru kufanya shughuli Kenya bila kudaiwa viza wala kibali cha kazi. Ukumbi ulishangilia. Lakini makofi hayagongwi muhuri. Afisa aliyeko dirishani Namanga au Isebania hufuata waraka, na asipouona waraka humrudisha mtu, naye mtu huyo hutafuta njia ya panya.

Kwa bidhaa tumefanya vizuri zaidi. Umoja wa Forodha ulianza 2005. Kituo cha huduma za pamoja cha Namanga kilizinduliwa Desemba 2018 na marais wa Kenya na Tanzania, na leo lori la saruji linakaguliwa na maafisa wa pande mbili chini ya paa moja. Fundi wa kuijengea saruji hiyo hana kituo cha namna hiyo. Cheti chake kinaanza kuhojiwa upya kila avukapo mpaka.

Na hapo kwenye vyeti nina maneno. Ibara ya 11 ya Itifaki iliahidi nchi wanachama zitatambuliana sifa za elimu na taaluma. Wahasibu na wasanifu majengo walipata makubaliano yao mwaka 2011, wahandisi 2012, madaktari wa mifugo 2016. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lililoko Kampala likapewa mzigo wa kulisimamia. Hizi ni hatua za kweli. Ila tazameni nani yumo na nani hayumo. Mwalimu wa sekondari hayumo katika makubaliano hayo. Muuguzi, fundi umeme na fundi wa kuchomelea hawamo. Hao ndio wanaovuka mipaka kila siku kutafuta riziki, na ndio wepesi kunyonywa. Tumeanza na taaluma ambazo wenyewe wana bodi zenye nguvu na wanasheria wa kuwasemea.

Kuna pia deni la kihistoria. Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa 1967, iliajiri watu katika reli, bandari, posta na simu, na shirika la ndege bila kujali walizaliwa upande gani. Mtu wa Tabora alipangiwa kazi Nairobi, wa Kisumu akapangiwa Dar es Salaam. Jumuiya ilipovunjika 1977, mali zikabaki zinagombaniwa, na mgawanyo wake ukakubaliwa 1984. Wastaafu wa Tanzania waliendelea kudai haki zao mitaani na mahakamani hadi makubaliano ya 2005, na hata baada ya hapo madai hayakuisha. Wengi walizikwa wakiwa bado wanadai. Wale walikuwa wafanyakazi halali, wenye barua za ajira na namba za utumishi. Kama wao yaliwapata hayo, anayefanya kazi leo bila mchango wowote atapata nini uzeeni?

Itifaki ya sasa haikusahau jambo hili. Ibara ya 10 inatambua haki ya mfanyakazi kupata mafao ya hifadhi ya jamii katika nchi aliyoko, na inalitaja Baraza la Mawaziri kuwa ndilo litakalotoa maelekezo na kanuni. Kazi hiyo si ya Sekretarieti wala ya Bunge la Afrika Mashariki. Ni yenu, kwa jina.

Najua hofu iliyoko. Vijana wetu wanahitimu kwa maelfu, ajira ni chache, na mgombea yeyote wa kura anajua kwamba kumtaja mgeni jukwaani kunaleta shangwe. Hofu hiyo si ujinga. Kijana wa Morogoro anayeona nafasi ya mapokezi hotelini imekwenda kwa Mkenya kwa sababu ya Kiingereza ana haki ya kuuliza. Ajibiwe kwa mambo mawili: elimu itakayompa ushindani, na sheria inayohakikisha huyo aliyechukua nafasi analipwa sawa na atakavyolipwa yeye. Milango yetu iwe wazi au ifungwe, watu watavuka. Lugha ni moja, ukoo uko pande zote mbili, na basi la Nairobi linatoka Arusha kila siku. Tunachoweza kuchagua ni kama watavuka wakiwa na haki, au watavuka wakiwa mtaji wa mwajiri anayekwepa haki.

Kwa hiyo naomba Baraza lichukue hatua hizi:

Kwanza, siku 30 za kanuni ziwe na meno. Zikipita bila jibu, stakabadhi ya ombi itumike kama kibali cha muda hadi uamuzi utolewe, na mwajiri aanze kulipa michango yote ya kisheria tangu siku ya kwanza.

Pili, makubaliano ya kutambuana vyeti yaelekezwe kwa walimu, wauguzi na mafundi wa vyuo vya ufundi, na kila nchi itaje tarehe ya kuyaingiza katika sheria zake.

Tatu, kanuni za hifadhi ya jamii zitolewe, ili miaka aliyochangia mtu Kampala ihesabike akistaafu Mwanza, na aliyochangia Mwanza ihesabike akirudi Kampala.

Nne, ukaguzi wa kazi umwanze mwajiri. Faini ya kuajiri bila kibali iwe yake, na mfanyakazi anayedai mshahara asikilizwe dai lake kabla ya kuulizwa uraia.

Tano, amri yoyote inayogusa raia wa Jumuiya ifikishwe kwenu kabla ya kutangazwa, na itoe muda wa kutosha kwa waliokwisha wekeza au kuajiriwa kihalali.

Sita, kila mwaka zichapishwe takwimu za kila nchi: maombi mangapi ya kibali yalipokelewa, mangapi yalikubaliwa, mangapi yalikataliwa, na yalichukua siku ngapi. Bila hesabu hizo kila upande utaendelea kujiona ndio unaoonewa.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo wa kujenga. Mengi yanahitaji saini na mtu wa kufuatilia. Naomba yawe ajenda katika mkutano wenu wa kawaida ujao, na taarifa ya mwisho ya mkutano iseme, nchi kwa nchi, nani ametimiza nini na nani bado.

Watoto waliozaliwa mwaka Itifaki ilipoanza kutumika sasa ni wanafunzi wa sekondari. Si muda mrefu wataanza kubisha hodi kwa waajiri, wengine nje ya mipaka ya nchi zao. Wakifika, wakute siku 30 ni siku 30 kweli.

Wenu katika kuijenga Jumuiya,

Mkazi wa Arusha