Mchango si Kodi



Katika tafakari ya juma hili tumeona vema tuliweke kando somo tulilokusudia, tuseme juu ya jambo ambalo limetukereketa kwa muda mrefu, nalo ni michango. Tunajua kwamba neno lenyewe likitajwa tu, baadhi yenu mtataka kufunga ukurasa huu, mkidhani kwamba Paroko amekuja tena na kapu lake. Msifunge. Safari hii hatuombi hata senti moja. Tunataka kugombana, na wa kwanza tutakayegombana naye ni sisi wenyewe.

Mwaka juzi, tulipokuwa tukipaua kanisa la kigango kimojawapo, Halmashauri ya Walei ilipanga kila kaya itoe kiasi kilekile. Fedha hazikuingia kwa kasi tuliyoitaka. Basi mjumbe mmoja akatoa shauri kwamba majina ya wadaiwa yasomwe katika jumuiya, tena yabandikwe mlangoni, nasi tukaidhinisha. Fedha zikaingia, hilo hatulikatai, na bati zikapanda. Lakini katika jumuiya moja alikuwapo mama mjane, mchuuzi wa dagaa, ambaye jina lake lilisomwa Jumamosi tatu mfululizo. Jumamosi ya nne hakuja. Miezi kadhaa baadaye mwanawe aliugua akalazwa, na wanajumuiya wenzake walipata habari hizo kwa watu baki, siku ya kumi na moja. Tulipomwendea na kumwuliza kwa nini hakutuma neno, alitujibu kwa upole kabisa: “Baba, mimi ni mdaiwa. Mdaiwa anaombaje?”

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini jibu lile halijatoka masikioni mwetu hata leo.

Hebu tazameni tulichokitenda. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo katika mkutano wao wa AMECEA wa mwaka 1976, zilikusudiwa ziwe mahali ambapo jirani anamjua jirani kwa jina, kwa shida na kwa furaha. Sisi tumezigeuza kuwa vituo vya kukusanyia mapato. Bado tunamjua jirani kwa jina, ila ni jina lililo katika orodha ya wasiolipa. Na kitu kinachopangiwa kiwango kimoja kwa maskini na tajiri, kinachodaiwa kwa aibu, na ambacho mtoaji hana neno juu ya matumizi yake, hakistahili kuitwa mchango. Hiyo ni kodi, tena kodi mbaya kuliko ya serikali, kwa kuwa serikali walau humpa mtu nafasi ya kukata rufaa.

Wapo wanaotujibu kwamba bila kusoma majina watu hawatoi, kwamba Waswahili ndivyo tulivyo, hatwendi bila fimbo. Hoja hii tumeisikia mara nyingi, hata kwa mapadre wenzetu, na tunasema wazi kwamba ni uongo. Watu walewale tunaosema hawatoi, wanatoa kila juma. Nendeni mkatazame alasiri chini ya mwembe wowote katika mwambao huu wa ziwa, mtawakuta akina mama wameketi katika duara, sanduku la chuma likiwa katikati. Ni VICOBA. Utaratibu huo una asili yake kwa wanawake wa Niger, ambako shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991, na leo umeenea katika vijiji vyetu kiasi kwamba wengi hudhani ulizaliwa hapahapa.

Tumeketi katika mikutano hiyo kama wageni, nasi tulijifunza mambo ambayo seminari haikutufundisha. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, wala mwenye kutunza sanduku hana ufunguo. Halifunguliwi isipokuwa mbele ya wote. Kila mmoja huitwa kwa zamu akanunua hisa, moja, mbili, hadi tano, kadiri ya alivyopata juma hilo. Mwenye kununua moja hachekwi na mwenye kununua tano. Fedha huhesabiwa kwa sauti. Kabla ya kuondoka, wanachama hutajiwa kiasi kilichobaki sandukuni nao hukishika kichwani, ili mkutano ujao, kufuli zikifunguliwa, hata asiyejua kusoma aweze kusema kama kimepungua. Pembeni upo mfuko wa jamii, ambao kila mmoja hutia kiasi kidogo kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mikopo hutolewa kwa mwenye hisa, kwa kawaida isizidi mara tatu ya hisa zake, na mwisho wa mzunguko akiba pamoja na faida hugawanywa.

Mtu anaweza kusema kwamba kufuli tatu ni dalili ya kutoaminiana. Sisi tunaona kinyume chake. Akina mama wale wanapendana vya kutosha kiasi cha kutotaka kumwacha mwenzao mmoja peke yake na kishawishi. Mtume Paulo naye alilijua jambo hilo. Alipokusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake akisema kwamba yeye ni mtume na aaminiwe. Anaeleza katika Waraka wake wa Pili kwa Wakorinto, sura ya 8, kwamba alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili pasiwe na wa kuwalaumu juu ya kiasi kile kikubwa cha fedha. Paulo alijiwekea kufuli. Na sisi je, tuliisoma lini mara ya mwisho hesabu ya bati zile? Tulisoma majina ya wadaiwa Jumamosi tatu, lakini hesabu ya matumizi hatukuisoma hata mara moja.

Tena tusidhani kwamba kutaja majina ni kosa kwa lenyewe. Katika mji wa New York mwaka 1885, sanamu maarufu ya Uhuru iliyotolewa na Wafaransa ilikosa fedha za kukamilishia msingi wake, nao matajiri walikuwa wamesitasita. Mwenye gazeti la New York World, Joseph Pulitzer, aliahidi kuchapa jina la kila atakayetoa, hata atoe kidogo namna gani. Kwa muda wa miezi mitano hivi zikapatikana dola zaidi ya 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, na wengi wao walitoa chini ya dola moja. Majina yalitangazwa pale, lakini yalikuwa majina ya waliotoa. Mtoto aliyepeleka senti alijiona katika gazeti lilelile alimokuwamo mwenye duka. Sisi tulichukua dawa ileile tukaigeuza sumu.

Yupo na adui wa pili, naye huja kwa shangwe, akiwa amevaa suti. Ni mgeni rasmi. Parokia ikitaka kujenga, jambo la kwanza kamati inalouliza siku hizi ni, “Tumwalike nani?” Hutafutwa mbunge, mfanyabiashara, au yeyote mwenye gari refu. Hupigwa hema, hukodiwa spika, hupikwa pilau, na kiti chenye kitambaa cheupe huwekwa mbele. Mgeni hutangaza mamilioni, watu hupiga vigelegele, na bibi aliyekuja na elfu moja yake iliyokunjwa katika ncha ya kanga huona haya kuifungua. Anarudi nayo nyumbani. Na yale mamilioni, ndugu zetu, tuwe wakweli: mara ngapi yalibaki kuwa ahadi?

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia katika somo hili, kwa uzuri na kwa ubaya. Mzee Jomo Kenyatta alipolifanya neno harambee kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, wananchi walijijengea shule kwa mamia, huyu akileta mawe, yule mchanga, mwingine kuku wa mnada, mwingine mikono yake tu. Kisha wanasiasa wakaligundua jukwaa. Ilifika mahali Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya mwaka 2003 ikaweka mipaka juu ya maofisa kuchangisha fedha. Mwezi Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee. Novemba mwaka uleule, yeye mwenyewe alitoa katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, shilingi milioni 2 za Kenya kwa ajili ya nyumba ya mapadre na nyingine 600,000 kwa vikundi vya parokia ikiwemo kwaya, pamoja na kuahidi milioni 3 zaidi. Askofu Mkuu Philip Anyolo alizikataa, akaagiza zirudishwe.

Tunakumbuka jinsi habari ile ilivyopokelewa mezani kwetu. Mmoja wetu alisema kwamba fedha ni fedha, na bati halina chama. Tulicheka. Lakini tangu siku ile tumeendelea kujiuliza: paa lililoezekwa na mtu mmoja, likivuja litazibwa na nani? Tunayo majengo ya namna hiyo katika majimbo yetu, nanyi mnayafahamu. Yanavuja, na waamini wanasubiri aliyejenga arudi, maana hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ni yao.

Sasa simu nayo imeingia. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mkono umeweza kufika mbali, na hilo ni jema sana. Kijana aliye Dar es Salaam anachangia msiba wa kijijini kabla jeneza halijafika. Lakini kile ambacho akina mama wa sanduku wanakikataa, sisi wasomi tunakikubali bila kuuliza: fedha za watu mia mbili kuingia katika namba binafsi ya mtu mmoja. Mtu anaingizwa katika kundi la WhatsApp la harusi asiyoijua, anapewa tarehe ya mwisho, na kadi ina bei yake, ya mtu mmoja na ya wawili, mithili ya tiketi ya basi. Hesabu, kama zipo, husomwa siku ya kuvunja kamati, watu wakiwa wameshika chupa. (Hatuzuii harusi, tunazifungisha kila Jumamosi. Lakini tumeona wachumba wakiahirisha sakramenti mwaka mzima kwa sababu kamati haijafikia lengo.) Na pale ambapo imani haina kufuli, mwizi huja na Biblia. Mwaka 2009 maelfu ya Watanzania waliona akiba zao zikikwama katika upatu wa DECI, uliotumia lugha ya kupanda mbegu na kuvuna. Hawakuwa wajinga. Waliombwa waamini, wakanyimwa nafasi ya kuhesabu.

Tutaulizwa: je, kanisa litajengwa kwa hisa moja moja za wauza dagaa? Ni swali la haki, nasi hatuna jibu jepesi. Saruji haingoji. Inawezekana kabisa kwamba kwa njia hii ujenzi wa kigango kinachofuata utachukua miaka sita badala ya miwili, na Askofu atatuuliza. Mwenye kipato kikubwa tunamkaribisha kwa mikono miwili, aje na mamilioni yake, ila apange mstari, atie sandukuni kama wengine, na siku ya kuamua awe na kura moja.

Basi tumeamua hivi, na Halmashauri imekubali, ingawa si kwa kauli moja. Orodha ya wadaiwa tumeichoma. Kiwango cha kaya kimefutwa. Kila mmoja atatoa alivyokusudia moyoni, na asiye na fedha atasomba maji au mchanga, na siku yake ya kazi itaandikwa katika daftari lilelile la fedha. Mapato na matumizi yatasomwa kila Dominika ya kwanza ya mwezi, risiti zikiwa mezani, na yeyote ataruhusiwa kuuliza, hata kumwuliza Paroko. Fundi wa chuma ametutengenezea sanduku. Lina kufuli tatu.

Ufunguo mmoja unashikwa na katekista, wa pili na kijana wa kwaya aliyechaguliwa na wenzake. Kwa ajili ya ule wa tatu, wanajumuiya walilitaja jina la mama yule yule, nasi tukaenda wenyewe nyumbani kwake, kwanza kumwomba radhi, na kisha kumwomba aupokee. Alitukaribisha chai, akasikiliza hadi mwisho. Amesema atatujibu mbalamwezi itakapoanza, maana siku hizi za giza dagaa ni wengi naye hana nafasi.