Kabla ya kutuuliza tunasali wapi, bakandida waje kwanza kujibu maulizo

Ndugu wafanyakazi wa migodi, nanyi bamama wenye kungoja mushahara ku nyumba, tunaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka fulani iliyopita, mu kampani moja ambayo hatutaitaja jina, tulichagua delege wa sindika juu ya sala yake. Alikuwa mutu muzuri, hatumusemi vibaya. Asubuhi mbele ya poste kuanza alikuwa anaombea kikosi, na maneno yake yalikuwa yanagusa roho. Mwingine mwenye kutafuta ile nafasi alikuwa wa kanisa lingine, mukali wa maneno, lakini alikuwa anajua mapatano ya kazi ukurasa kwa ukurasa. Siku ya kura hatukuwasimamisha wote wawili mbele ya wafanyakazi. Hatukuwauliza kitu. Tulisema tu: "Ule iko na kiburi. Tuchague mutu wa Mungu."

Miezi sita haikuisha, delege wetu akaitwa ku biro. Akapewa karatasi ya Kifaransa, akatia sahihi. Ile karatasi ilipunguza matunzo ya hospitali kwa familia zetu. Mama mumoja wa kartie akakuja ku mukutano na fakitire mukononi, mutoto mugongoni, akatuuliza: "Wakati mulikuwa munamuchagua, mulimuuliza nini?"

Tulinyamaza. Tangu ile siku, ulizo la ule mama halijatutoka. Na leo tunalileta mu mambo ya nchi, juu uchaguzi wa raisi ni kosa lile lile, lakini kwa kipimo cha watu milioni nyingi.

Debati iko wapi?

Mu 2006, wakati Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba walibaki wawili, watu wengi walingoja kuwaona uso kwa uso ku televizyo. Haikufanyika. Mu 2011, mu 2018, mu 2023, ni vile vile: hakuna debati yenye ilikutanisha bakandida wakubwa wote mbele ya taifa. Tunapata nini? Kiwanja kinajaa watu, muziki unapigwa, kitambaa na tisheti vinagawanywa, kandida anashuka mu ndege, anasema nusu saa, anapanda ndege. Hakuna mutu wa kumukatiza na kumwambia: "Shefu, ngojeni kidogo. Hiyo feza itatoka wapi?"

Wengine wanatuambia kwamba debati ni ya wasomi, kwamba mwenye Kifaransa kirefu ndiye atashinda. Sisi tunajibu: Katiba yetu, ku article ya kwanza, inataja luga ine za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Debati ifanyike mu hizo luga. Mwenye kutaka kutawala Kolwezi, Likasi, Bukavu na Kisangani, aeleze kwa Kiswahili namna gani atagawanya feza ya shaba. Akishindwa kuieleza mu luga ya watu, pengine naye hajaielewa.

Na maulizo yetu si ya siasa ya juu juu. Code ya migodi ya 2018 inasema kwamba feza ya redevance inagawanywa: 50% kwa serikali ya kati, 25% kwa provense, 15% kwa mahali penyewe penye mugodi, na 10% kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Tena kampani inapaswa kutoa 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vya karibu. Ukipita mu kartie yetu wakati wa mvua, matope mpaka ku magoti, mashimo mu barabara, unajiuliza ile 15% inalala wapi. Katiba nayo, ku article 175, inaahidi provense 40% ya mapato ya taifa yenye kutoka kwao. Ni ahadi ya 2006, na mpaka leo provense zingali zinaidai. Kandida moja moja atuambie: ataitimiza, ao ataiondoa?

Kuna tena sheria ya 2017 juu ya kampani ndogo zenye kufanya kazi chini ya kampani kubwa. Ilisemwa itawapa Wakongo kazi na biashara. Lakini ndugu zetu wengi wenye kuajiriwa na hizo kampani ndogo wanafanya kazi ile ile, ku mugodi ule ule, na kofia ya rangi ingine na mushahara mudogo kuliko. Na mwezi wa pili 2025, serikali ilipofunga biashara ya cobalt kwenda inje ili bei ipande, kiisha ikaleta kipimo kwa kila kampani, ni nani aliuliza mufanyakazi na mchimbaji wa mikono watakula nini? Hayo ndiyo maulizo ya debati.

Kandida anachaguliwa na nani?

Jambo la pili ni kanuni zenyewe. Mu 2006 tulipiga kura mara mbili: tarehe 30 mwezi wa saba, bakandida 33, kiisha tarehe 29 mwezi wa kumi, wawili tu. Mwenye kushinda alipaswa kupata zaidi ya nusu. Mwezi wa kwanza 2011 Katiba ikabadilishwa: kura moja, mwenye kuwa mbele amepita. Mwaka ule ule Kabila akatangazwa na 48,95%. Mu 2018 Félix Tshisekedi akatangazwa na 38,57%, na maaskofu Wakatolika, wenye walikuwa wametuma waangalizi karibu 40.000, wakasema matokeo hayafanani na yale waliyoyaona.

Kwa kura moja, upinzani ukigawanyika umejimaliza. Kila mutu anajua. Basi wanajaribu kuchagua kandida mumoja, lakini tazameni namna wanamuchagua. Tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 2018, wakubwa saba walijifungia Genève, mu Uswisi, wakatoka na jina la Martin Fayulu. Kesho yake Tshisekedi na Vital Kamerhe wakaondoa sahihi zao, wakisema wafuasi wao wamekataa. Mu 2023 wajumbe wao wakakutana Pretoria, mu Afrika ya Kusini, zikibaki wiki tano tu mbele ya kura. Wengine wakamwachia Moïse Katumbi, Fayulu na Denis Mukwege wakaendelea kila mutu njia yake. Ku mwisho, Tshisekedi akatangazwa na zaidi ya 73%, Katumbi 18%, Fayulu 5%.

Hatusemi kwamba umoja ungebadilisha zile namba. Wenye kusoma wapige hesabu. Tunasema hivi: mwenye kadi ya parti, mwenye kulipa mchango, mwenye kubandika picha usiku ku ukuta, hakuulizwa. Si Genève, si Pretoria. Na upande wa wenye kutawala ni vile vile: mu 2018 Emmanuel Ramazani Shadary alitajwa na Kabila, basi wote wakapiga makofi.

Wafaransa walijaribu kitu kingine. Mu mwezi wa kumi 2011, parti ya Wasosialisti ilifungua kura ya ndani kwa kila mutu mwenye kutoa euro 1 na kutia sahihi kwamba anakubali mawazo ya upande wa kushoto. Zaidi ya watu milioni 2 walikuja. Bakandida wa parti moja walibishana ku televizyo bila kuuana, na François Hollande akatoka mbele, kiisha akakuwa raisi. Tuseme ukweli wote: mu 2017, Manuel Valls alishindwa ku kura kama ile na Benoît Hamon, lakini hakumufuata, akaenda kwa Emmanuel Macron. Kura ya ndani haiponyeshe unafiki. Lakini inauweka mu mwangaza, watu wanauona.

Watu watasema: "Kwetu feza itanunua ile kura." Inawezekana. Lakini kununua sahihi za watu saba mu hoteli ni rahisi kuliko kununua watu elfu mia. Na mu 2018 kandida alipaswa kuweka dola 100.000 mbele ya jina lake kukubaliwa. Feza iko ndani ya uchaguzi tayari. Sisi ndio hatumo.

Kanisa na sanduku la kura

Sasa tunafika pahali pagumu. Sisi ni watu wa kusali. Ku mugodi, mutu haingii chini bila kumutaja Mungu, na udongo ukianguka, ni kanisa inakuja ya kwanza na blanketi na unga wa bukari. Hatusahau Mapatano ya Saint-Sylvestre, tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2016, yenye yalifanywa mbele ya maaskofu. Hatusahau wakristu wenye walitembea na rozari mukononi mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, wakapigwa risasi juu ya kudai kura. Kanisa ina haki ya kusema ukweli kwa mukubwa. Tunaiomba iendelee.

Lakini kusema ukweli kwa mukubwa ni jambo moja. Kuambia mukristu "Mungu amenionyesha jina la raisi" ni jambo lingine. Kila uchaguzi manabii wanatoka, kila mumoja na jina lake. Mungu mumoja anawezaje kuonyesha majina matatu? Hata makanisa yenyewe hayapatani: mu 2021, wakati wa kuchagua mukubwa wa CENI, dini sita katika nane zilimuweka Denis Kadima, Wakatolika na Waprotestanti wakakataa. Kama viongozi wa dini hawakubaliani juu ya jina moja, kwa nini mufanyakazi amuchukie mwenzake wa poste moja juu ya jina la pasta wake?

Mukwege ni munganga, ana Nobeli ya 2018, tena ni pasta. Mu 2023 alipata chini ya 1%. Hatuamini kwamba Wakongo wote wengine ni wapagani. Katiba inasema nchi yetu haina dini ya serikali. Inaacha kila mutu asali kwa uhuru. Hilo linalinda Mukimbangu, Mwislamu, Mukatolika na mutu wa revai sawasawa.

Sisi wa miaka arobaini na kitu tunajua mwisho wa ile barabara ya kuulizana "weye ni wa nani?" Tulikuwa watoto mu 1992 na 1993, wakati siasa iligawanya Wakatanga na Wakasai. Tuliona gare ya Likasi na ya Kolwezi zimejaa familia, sufuria, magodoro, watoto wagonjwa wakingoja treni. Wengi wao baba zao walikuwa wafanyakazi wa Gécamines, jirani zetu, walimu wetu. Wanasiasa waliendelea na maisha yao. Sisi ndio tulibaki na kazi iliyoharibika na makaburi. Leo wakibadilisha kabila kwa kanisa, jeraha litakuwa lile lile.

Tufanye nini

Kama kalenda ya Katiba inafuatwa, tutapiga kura tena mu 2028. Tusingoje Kinshasa. Tuanze na kura zetu za sindika: kila mwenye kutaka kuwa delege asimame mbele ya wafanyakazi, ajibu maulizo, kiisha kura ya siri. Tukizoea hivyo ku kazi, tutakataa kudanganywa inje.

Kiisha tuandike maulizo matano, yale yale kwa kila kandida: redevance, 40% ya provense, mushahara wa wafanyakazi wa kampani ndogo, cobalt, na mahali pa kuchimba pa wachimbaji wa mikono. Tuyasome ku redio za kwetu, kwa Kiswahili. Mwenye kujibu, jibu lake lisomwe. Mwenye kunyamaza, jina lake litajwe na nafasi yake iachwe wazi, watu wasikie ule ukimya.

Ule mama wa fakitire angali anaishi mu kartie yetu. Mutoto wake amekua, anasoma. Siku moja atapiga kura. Akituuliza tulichouliza bakandida, tusinyamaze tena.