Bima ya Nyumba Hulipa Nini?

Mama mpenzi, nyumba ikishakatiwa bima wengi wetu tunapumua, tukiamini kwamba lolote litakaloipata litalipwa. Sivyo. Bima hulipa yale tu yaliyoandikwa katika hati, na hati yenyewe ndiyo ile karatasi iliyofungiwa kabatini bila mtu kuisoma. Mwezi huu tuitoe tuisome pamoja.

Bima ya msingi ya nyumba hapa kwetu Tanzania ni bima ya moto. Kwa kawaida hulipa hasara ya moto, ya radi, na ya mlipuko wa gesi inayotumika nyumbani, basi. Mafuriko, upepo mkali, tetemeko, bomba la maji kupasuka, gari kugonga ukuta, hayo huongezwa kwa kuombwa na kulipiwa. Wenzetu wa Bukoba hawahitaji maelezo marefu. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba nyingi mkoani Kagera, na hati iliyotaja moto peke yake haisimamishi ukuta ulioangushwa na tetemeko. Aliye bondeni naye aulize habari za mafuriko mapema, kabla mawingu hayajatanda.

Tena jengo ni jambo moja na vyombo ni jambo jingine. Bima ya jengo ni ya kuta, paa, milango, na makabati yaliyojengewa ukutani. Makochi, friji, magodoro na nguo za watoto hukatiwa bima yao. Kwa hiyo wewe mpangaji usijifariji kwa bima ya mwenye nyumba. Nyumba ikiungua yeye atajenga, nawe utabaki na kanga uliyojifunga. Hali kadhalika waliojenga kwa mkopo: bima inayodaiwa na benki hulinda jengo lililowekwa rehani, si meza yako ya kulia.

Sasa tufike kwenye jambo linalowaumiza wengi, nalo ni thamani. Tuseme kuijenga upya nyumba yako kungegharimu shilingi milioni 80, lakini ili ada iwe ndogo mmeandika milioni 40. Jiko likaungua, hasara ikawa milioni 10. Mtategemea milioni 10, kwani si chini ya 40? Kampuni itasema mmeweka bima nusu ya nyumba, hivyo nayo inalipa nusu ya hasara: milioni 5. Hapo bado haijakatwa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe. Si wizi, kipengele hicho kimo katika mikataba mingi, ila kimeandikwa kwa herufi za kuumiza macho. Basi andikeni gharama ya kujenga upya kwa bei za leo, si za mwaka mliomwaga msingi. Kiwanja msikihesabu, maana ardhi haiungui.

Mchwa, kutu na paa lililochoka kwa umri havilipwi. Wizi mara nyingi hulipwa pale tu penye alama za kuvunja, na mikataba mingi hukataa wizi uliofanywa na mtu anayeishi humo ndani. Mkisafiri na kuiacha nyumba tupu kwa muda mrefu, ulizeni kwanza. Mingi huweka kikomo cha siku 30. Na ukifungua saluni sebuleni, au ukianza kuuza mitungi ya gesi barazani, iarifu kampuni kwa maandishi. Ukinyamaza, siku ya moto ndipo watakapoigundua hiyo saluni.

Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni au wakala ana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Kisha chukua daftari, pita chumba kwa chumba, andika kila kitu na bei yake, ubandike na stakabadhi zilizopo. Daftari hilo usiliweke nyumbani. Mpe dada yako, au mama mkwe kama mnaelewana.